Msumeno wa Mzee Wabuge

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nanzala alifagia ua wa nyumba yao mtaani Langas, mjini Eldoret. Akifika ukutani, aliinama na kupitisha ufagio chini ya mashine ya babu yake, Mzee Wabuge. Ilikuwa mashine ya kupasulia mbao, yenye injini ya dizeli, reli mbili na magurudumu ya kuivuta kwa trekta hadi shambani penye miti. Kwa miaka sita haikuwa imepasua hata ubao mmoja. Mikono ya Mzee Wabuge ilikuwa imeanza kutetemeka, na kuku walikuwa wamepata mahali pa kutagia.

Jumatatu moja jioni, Mjomba Kituyi alikuja na habari.

"Nimepata mtu wa kununua vyuma vikuukuu," alisema. "Jumamosi ataibeba hiyo mashine."

Nekesa, mamake Nanzala, alikuwa akikanda unga. "Hatuuzi," alijibu bila kuinua kichwa. "Yule mkulima, Macharia, amekata mikaratusi shambani kwake. Lori haliwezi kufika huko, kwa hivyo anataka mtu wa kumpasulia papo hapo. Nimemwambia nitaenda."

"Wewe? Hiyo ni kazi ya wanaume."

"Na nani alikuwa akimsukumia Baba magogo, wewe ukikimbia kelele za injini?"

Mjomba alimtazama Mzee Wabuge, akingoja amnyamazishe dada yake. Mzee alikohoa kidogo. "Mashine ni yangu," alisema. "Ikipasua gogo Jumamosi, inabaki. Isipopasua, iende."

"Itapasua, Mjomba," Nanzala alisema. "Njoo ujionee."

Mjomba alicheka hadi akashika mbavu. Kicheko hicho kilimkaa Nanzala moyoni wiki nzima.

Kazi ilianza kesho yake. Kila alasiri Nekesa aliporudi kutoka sokoni, alivaa ovaroli kuukuu la babake, akashika spana. Mzee Wabuge aliketi kwenye kigoda akielekeza. Walisafisha tangi lililojaa kutu, wakabadilisha mkanda uliokuwa umeliwa na panya. Majirani walichungulia juu ya ua.

"Mama Nanzala, siku hizi umekuwa fundi?" mmoja aliuliza kwa dharau.

"Nimekuwa," Nekesa akajibu, akaendelea kukaza nati.

Shuleni, Tabby, aliyeketi dawati moja na Nanzala, aliziba pua. "Mikono yako inanuka dizeli."

"Inanuka kazi," Nanzala alisema, wala hakuificha.

Alhamisi injini ilikohoa ikazima. Ikakohoa tena, ikazima. "Kuna hewa kwenye bomba," Mzee alisema. "Legeza ile nati, hewa itoke." Nekesa alilegeza, dizeli ikachuruzika, akakaza. Safari hii injini ilinguruma na kuku wakatawanyika.

Kazi ya Nanzala ilikuwa kunoa msumeno wa duara, jino baada ya jino, kwa tupa. Ijumaa alimaliza. Babu alikuwa amemwonya asiubebe peke yake, lakini mama alikuwa bado sokoni naye hakutaka kungoja. Aliuinua. Ulimponyoka, ukagonga jiwe la kizingiti.

Alipouchunguza, aliona ufa mwembamba kama unywele chini ya jino moja. Alikumbuka kicheko cha Mjomba. Akachovya kidole kwenye mkebe wa grisi, akaufunika ufa. Mama alipofika, waliufunga msumeno mahali pake, naye Nanzala hakusema neno.

Jumamosi saa nne, ua ulijaa watu. Macharia alikuwa ameleta gogo moja la majaribio. Mjomba Kituyi alisimama na mnunuzi wake, mikono kifuani. Nekesa aliwasha injini. Msumeno ukaanza kuzunguka, ukavuma hadi meno yake yasionekane. Akasogea mbele kulisukuma gogo.

Nanzala aliutazama uso wa mama yake, karibu kabisa na ule msumeno.

"Mama, zima injini," alisema. Hakusikika. Akaenda akasimama mbele ya gogo, mikono ameinyoosha. "Zima, Mama. Msumeno una ufa. Niliuangusha mimi, nikauficha kwa grisi."

Injini ilinyamaza.

"Si nilisema?" Mjomba akacheka. Mnunuzi akaanza kukunja mikono ya shati.

Machozi yalimtoka Nanzala, lakini hakuondoka pale. "Mashine ni nzima, Mjomba. Aliyekosea ni mimi. Niadhibuni mimi, mashine muiache."

Mzee Wabuge alijikokota hadi kwenye msumeno, akapangusa grisi, akapitisha ukucha juu ya ufa. "Ungekatika ukizunguka," alisema polepole, "kipande kingempata Nekesa kifuani."

Kicheko cha Mjomba kilikatika. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu.

"Stoo kuna msumeno mwingine," Mzee aliendelea. "Ni mdogo, tena ni butu. Lakini Jumamosi bado haijaisha."

Nekesa aliuleta. Mjomba aliuangalia, akavua koti. "Nipe tupa," alisema. Kaka na dada walipokezana kunoa hadi saa tisa. Kisha injini ikawashwa, gogo likasukumwa, na ubao wa kwanza ukaanguka, mweupe na wenye harufu kali ya mkaratusi. Macharia aliupapasa pande zote mbili.

"Jumatatu nitaleta trekta," alisema.

Mnunuzi wa vyuma aliondoka na msumeno wenye ufa tu.

Jioni, Mzee Wabuge alimwita Nanzala. "Kwa mwezi mmoja hutagusa tupa wala spana," alisema. "Hiyo ndiyo adhabu yako."

"Ndiyo, Babu."

"Sasa sikiliza. Wiki hii umemkaidi mjomba wako, ukawakaidi na wote waliotucheka. Nilifurahi. Lakini Ijumaa aibu ilikuambia ufiche kosa, nawe ukaitii. Leo umeikaidi mbele ya watu wote, na mama yako yuko jikoni mzima anapika. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama adui zako wanasikiliza."