Hatua Mia Tatu za Mpunga

Kila Jumamosi asubuhi Kisa aligeuza kokoa. Alizunguka mkeka miguu mitupu, akizitandaza mbegu kwa viganja ili zikauke pande zote, huku akiimba nyimbo za kanisani. Jumamosi hii hakuimba. Jana yake alikuwa amesema neno, na neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Lilianza hivi. Alhamisi jioni, jua likiwa bado kali, Kisa alimwona mtu ng'ambo ya mashamba ya mpunga akitoka kwenye shamba la kokoa la baba yake mdogo, Godwin, na gunia begani. Alivaa fulana ya njano ya kwaya na kofia ya pama. Kesho yake Godwin alikuta matunda yake yamevunwa. Akamjia Kisa mbio.

"Alikuwa Lazaro, siyo? Shamba analolikodi limepakana na langu, na fulana ya kwaya anayo. Wewe una macho ya mwewe, lazima ulimwona!"

Kisa alipenda kusifiwa macho yake. Walipopimwa shuleni, yeye peke yake ndiye aliyesoma herufi mpaka mstari wa mwisho. Basi akaitikia, "Ndiyo, baba."

Jumamosi hii saa nne watu walikusanyika kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Andongwisye, pale pale Kisa alipokuwa amesimama Alhamisi. Kisa akisema tena "ndiyo", Lazaro angepelekwa polisi na kunyang'anywa shamba. Lazaro alikuwa amekaa chini. Nyuma yake mkewe alikuwa akimbembeleza mtoto mchanga.

"Haya, mjukuu wangu," alisema Mzee Andongwisye. "Ulimwona nani?"

Kisa alisimama.

"Niliona fulana na kofia. Uso sikuuona. Jana nilisema uongo."

Godwin aliruka kama aliyekanyaga siafu. "We mtoto! Umehongwa maandazi mangapi?"

"Sijahongwa, baba. Jana nilitaka sifa."

"Nitakuchapa!"

"Nichape, baba. Ukinichapa mpaka jua lizame, bado nitakuwa sikuuona ule uso. Na Mungu anajua sikuuona."

Watu waliguna. Mama mmoja akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Kisa hakukaa.

"Macho makali kama yako yashindwe?" Godwin alimcheka. "Mimi mtu mzima, namtambua yeyote kutoka hapa mpaka kule!"

"Basi tujaribu," alisema Kisa. "Waende ng'ambo ya mpunga wawili wenye fulana za kwaya na kofia za pama. Ajitokeze mmoja tu. Baba akimtaja, nami nitakubali kwamba uso huonekana."

Mzee Andongwisye alikuna kidevu, kisha akakubali. Lazaro na Elizabeth, kiongozi wa kwaya, walivaa wakaondoka. Mwalimu Habiba, anayefundisha sayansi, alifuatana nao akihesabu hatua. Zilifika mia tatu. Wote wakapotelea nyuma ya migomba. Punde mmoja alijitokeza, akasimama, mpunga ukimfika kiunoni.

"Lazaro huyo!" Godwin alipaza sauti. "Yaone mabega! Mwone anavyosimama kiwiziwizi!"

"Na wewe, Kisa?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi sijui. Ni fulana na kofia tu."

Walimwita kwa kupunga mikono. Yule mtu alikuja, akaja, alipokaribia akavua kofia. Alikuwa Elizabeth. Nyuma yake walikuja Lazaro na mwalimu.

"Ndaga, baba Godwin," alishukuru huku akiinamisha kichwa. "Leo umenipa mabega ya mwanamume, na wizi juu yake!"

Kicheko kilipasuka mpaka mtoto wa Lazaro akaacha kulia. Godwin hakucheka. Alitazama chini, kisha akauliza polepole, "Sasa mwalimu, huyu Kisa si alisoma herufi zote?"

"Alizisoma kutoka hatua nane," alijibu Mwalimu Habiba. "Hizi ni mia tatu. Sikiliza. Mwanga ukiingia kwenye mboni ya jicho husambaa kidogo. Kisha hutua nyuma ya jicho, kwenye utando uitwao retina. Utando huo umejaa chembe ndogo mno, zimepangana kama ukindu kwenye mkeka. Ukisuka kwa ukindu mpana, unaweza kutia ua dogo?"

"Haliwezekani, litapotea," alisema Godwin.

"Ndivyo ilivyo. Alama mbili zikitua kwenye ukindu mmoja, jicho huona moja. Kutoka kule, hata macho mawili ya mtu hukaribia kuwa doa moja. Hata jicho zima kabisa lina mpaka wake."

Godwin alikwenda kwa Lazaro akampa mkono. "Ndugu yangu, nimekukosea." Kisa naye alipiga goti mbele ya Lazaro na mkewe. "Mimi ndiye niliyeanza. Nisameheni."

Lazaro alimwinua. "Ulianza vibaya, mwanangu, lakini umesimama mbele ya watu wote ukalirudisha neno lako. Nimekusamehe."

Mwizi hakupatikana siku ile, na wanaume walipanga zamu za kulinda mashamba. Kabla watu hawajatawanyika, Mwalimu Habiba alimshika Kisa bega.

"Mwenyezi Mungu aliliwekea jicho mwisho wake," alisema, kwa sauti ambayo hata Godwin aliisikia. "Pale jicho linapoishia, na ulimi uishie hapo hapo. Hata wakubwa wakikusukuma, usiongeze."