Nani Alimwambia Angustias?

Mke wangu Angustias hupika vibonge vya nyama kila Jumamosi. Sosi yake ni ile ya mama yake na ya bibi yake. Anakaanga lozi, mkate na vitunguu saumu, anavitwanga, kisha anavimimina chunguni. Hapa Granada, Hispania, ukimuuliza mtu sosi hiyo ina nini, atakuangalia kama mjinga. Lozi hakuna anayeikumbuka, kama vile hakuna anayekumbuka kutaja chumvi.

Nyumba yetu hupokea wanafunzi wa kigeni. Wanakaa muhula mmoja katika chumba cha binti yetu aliyeolewa, wanakula tunachokula. Mara hiyo ofisi ya don Leandro, yaani bwana Leandro, inayowatafutia wanafunzi hao nyumba, ilituletea Maren, msichana Mmarekani mwenye adabu. Wiki haijaisha, alikuwa anamwita mke wangu mama.

"Kula, mwanangu. Upepo utakubeba," Angustias alimwambia Jumamosi hiyo.

"Mama, nikiongeza sitapita mlangoni," Maren akajibu, akachovya mkate kwenye sosi.

Kipande cha pili hakukimaliza. Midomo ilimvimba. Akashika koo, pumzi haitoki. Angustias aliipigia ofisi kwa namba ya dharura tuliyopewa. Simu iliita mpaka ikakata. Mimi nikaita gari la wagonjwa. Wahudumu walimchoma sindano palepale sakafuni, wakamkimbiza hospitali.

Alipona. Daktari akatuambia Maren ana mzio wa lozi, zingemuua, na kwamba sindano yake ya dharura ilikuwa ndani ya begi lake muda wote.

"Hamkujua?" akauliza.

"Tungejuaje, daktari?" Angustias akasema, huku analia.

Jumatatu don Leandro alikuja kwetu. Hata kuketi alikataa.

"Senyora, nusura umuue mwanafunzi wangu. Wazazi wake nimeshawaeleza uzembe wako. Msichana anahama, na nyumba hii haitapata mgeni tena."

Mke wangu aliacha kupika. Majirani walinong'ona kwenye ngazi. Nilichemka kwa hasira. Mwanamke amelea watoto wa watu kama wa kuzaa, leo anaitwa mzembe na mtu asiyepokea simu!

Jirani yetu wa ghorofa ya tatu, Puri, anafanya kazi katika ofisi nyingine ya wanafunzi wa kigeni. Nilipanda kwake.

"Puri, wewe ungefanyaje?"

"Ningefika kwenu kabla ya msichana. Kwa ruhusa yake, ningewaambia ana tatizo gani, sindano iko wapi na inachomwaje. Na simu ya dharura ingepokewa saa yoyote."

"Kwa sababu una roho nzuri?"

"Roho nzuri huchoka, mzee Eulogio. Ni kwa sababu kuna kanuni."

Akanieleza. Kuna vyama visivyofanya biashara ya faida. Wanachama wake ni vyuo vikuu na ofisi kama yake. Hukutana na kuandika kanuni za ubora: masomo yaweje, mwanafunzi alindwe vipi, familia zinazompokea ziandaliwe vipi. Chama huwafundisha wafanyakazi kanuni hizo. Ofisi ikiomba, wakaguzi kutoka vyuo na ofisi nyingine huja, huwahoji wanafunzi na familia, kisha husema wazi palipoharibika.

"Wenye maduka wakikaguana, si watafichiana?" nikamchokoza.

"Anayekaguliwa haandiki ripoti yake mwenyewe. Na hakuna anayegawana faida. Ada za wanachama zinarudi kwenye mafunzo na ukaguzi."

"Basi Leandro si mwanachama."

"Ni mwanachama! Nembo ya chama kaibandika mlangoni. Lakini hajawahi kuomba kukaguliwa. Kulipa ada siyo kuwa bora, mzee. Ukiona nembo, uliza: mmekaguliwa lini? Chama si polisi, hakiwezi kumfungia mlango. Lakini chuo cha Maren huko Marekani kinaweza kumnyima wanafunzi. Mwambie Maren akipigie simu."

Maren alikuwa ameshahamishiwa bwenini. Alikipigia chuo siku hiyohiyo. Baada ya siku chache alifika mama mmoja kutoka chuoni kwao, Bi Lorraine. Alituketisha sote sebuleni kwetu, na don Leandro akiwemo.

"Maren, ulimwambia nani kuhusu lozi?"

"Nilimwambia don Leandro, siku niliyofika. Akasema, usijali, nitamwambia senyora."

"Don Leandro, ulimwambia?"

Akakohoa. "Bi Lorraine, mpishi mwenye busara huuliza."

Angustias akasimama. "Niulize nini? Wewe ulijua, mimi sikujua! Mtoto alikula kwa sababu alidhani nimeambiwa. Alikuamini wewe, na mimi nikakuamini!"

Bi Lorraine akakiri kwamba chuo chao nacho kilikosea, kiliona nembo kikaridhika. Kisha akatoa uamuzi. Hakuna mwanafunzi mpya mpaka ofisi ikaguliwe. Wafanyakazi waende kwenye mafunzo ya chama. Wazazi wa Maren waambiwe ukweli. Na kila familia iambiwe habari za mgeni wake mara moja, mwanafunzi akikubali.

Maren akarudi kwetu siku hiyo. Puri akaja kutufundisha kuchoma ile sindano.

Wiki iliyofuata familia zote ziliitwa ofisini. Don Leandro aliambiwa azieleze yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Alipofika kwa Visitación, mjane mwenye nyumba ya mlimani, sauti yake ilishuka.

"Senyora, kijana tuliyekuletea ana kifafa."

Visitación aliduwaa. "Kifafa? Nimemlaza chumba cha juu kabisa, na ngazi yake haina hata pa kushika! Aliniomba asifunge mlango usiku. Nikamgombeza kwamba anapoteza joto!"

Mke wangu alimgeukia don Leandro.

"Na huyu naye angeanguka, ungesema ni uzembe wa nani?"

Hatukumngoja ajibu. Tulikwenda na Visitación mpaka kwake, tukashusha kitanda cha yule kijana kabla giza halijaingia.