Karatasi za Watu Tisa

Kabati lilikuwa wazi, kufuli likining'inia, na ndani hamkubaki hata karatasi moja.

Inspekta Nderitu alichuchumaa mbele yake Jumanne hiyo asubuhi, mwaka 1972, katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri. Nyuma yake Bwana Kubát, Mcheki aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji na mpiga fidla wa kundi, alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Muziki uliokuwa kwenye karatasi hizo ulitungwa na rafiki yake huko kwao, kwa watu tisa: wapulizaji watano na wapiga nyuzi wanne. Jumamosi watu wa redio wangekuja kuurekodi. Nakala nyingine ilikuwa Praha, ng'ambo.

Ufunguo ulitundikwa nyuma ya mlango, na wote tisa walijua. Hapo ndipo penye mwiba: wapulizaji watano walikuwa askari wa bendi ya polisi, kutoka chuo cha Kiganjo, na mjini watu walishaanza kunong'ona kwamba mwizi amevaa sare.

Konstebo Wamae alimwonyesha vumbi jeupe kwenye kufuli. Alidhani ni chaki. Nderitu alilisugua kwa vidole, likanata. Akalinusa, likanukia msonobari.

"Ulimbo," Kubát alisema. "Tunaupaka kwenye upinde. Bila huo, nyuzi hazilii."

"Na wapulizaji?"

"Wa nini kwao?"

Nderitu akashusha pumzi. Askari wake hawashukiwi tena. Kubát mwenyewe alikuwa Nanyuki tangu Jumapili, karatasi zikiwa bado kabatini, hadi asubuhi hiyo. Walibaki watatu: Ngatia, seremala, mpiga besi; Gathoni, mwalimu, mpiga sello; na Simeon, karani wa posta, aliyepewa nafasi ya kupiga viola, fidla ya sauti nzito kidogo, majuma mawili tu yaliyopita, baada ya daktari kumwamuru nesi Kagure, mjamzito wa miezi minane, alazwe hospitalini, asitoke kitandani.

Aliwahoji mmoja mmoja. Ngatia alifoka kwamba ameshonesha suti kwa ajili ya siku hiyo. Gathoni alilia. Simeon, ambaye angesikika redioni mara ya kwanza maishani, alisema tu kwamba Mungu atasaidia, akaomba ruhusa arudi kazini.

Mchana Nderitu alimfuata posta.

"Simeon, hutaki kusikika?"

"Nataka, afande."

"Basi mbona huna uchungu?"

Simeon aliweka muhuri chini.

"Karatasi ziko wapi?"

"Niko nazo kwangu Majengo, kwa sanduku ya nguo. Hakuna hata moja imekunjwa."

"Kwa nini?"

"Kagure alifanya mazoezi miezi saba, akitoka zamu ya hospitali. Hata mimi, viola ni yeye alinifundisha. Nilimwomba Bwana Kubát angoje ajifungue, akakataa, ati redio haingoji mtu. Nikaona karatasi zikikosekana, itangoja."

Na ilikuwa imekwisha kungoja: asubuhi ile Kubát alipiga simu Nairobi, wakasogeza tarehe mbele kwa majuma kumi.

Kituoni, Kubát alipoelezwa, alitukana kwa lugha yake, kisha akaomba kalamu akaandika kwamba anaondoa malalamiko. Akamuuliza Nderitu hospitali iko upande gani, maana ana mtu wa kumwomba radhi.

Kagure alijifungua salama, msichana. Siku ya kurekodi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nderitu alikaa karibu na mlango. Kando yake Simeon alisimama amempakata mtoto, na viola ya Kagure ilipobaki ikilia peke yake, alimgeuza mtoto taratibu aelekee jukwaani.