Vinyago vya Menekles

Asubuhi hiyo kinyago cha sura mbaya, kile wafinyanzi wa Athens hutundika juu ya tanuri kuwatisha mashetani wanaopasua vyombo, kilikutwa kimegeukia ukuta. Evandros, mchoraji, alikigeuza. Tanuri, lililokwisha poa, likakohoa.

"Umesikia?" mkewe Timareta alinong'ona.

"Upepo tu, mke wangu."

"Upepo gani unanuka mvinyo uliochacha?"

Evandros alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha marehemu Menekles, baba yake Timareta, aliyemfundisha Evandros mwenyewe kushika brashi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Ili awachekeshe walevi wa karamuni, alikuwa amechora kikombe: pepo wa michezo ya jukwaani mwenye masikio ya punda, amelewa, amejikojolea, na sura ni ya Menekles mtupu. Vyombo vyake vingine vyote aliviandika "Evandros alinichora", kana kwamba chombo kina mdomo. Kikombe kile alikiacha bila jina. Mji ulicheka. Mzee akajifungia, akakataa chakula, akafa.

"Siku nikimjua aliyechora," Timareta alizoea kusema, "utanishika mkono twende tukamzikie laana yenye jina lake kaburini kwa baba." Na Evandros huitikia. Mtu mzima na ndevu zake, anaitikia!

Tanurini mlikuwa na bakuli la kuwatunza washindi wa tamthilia, limechorwa waigizaji wenye vinyago mikononi. Rangi ya wafinyanzi haijionyeshi mpaka ipite motoni, kwa hiyo Evandros aliamini kwamba amechora sura za mashujaa vijana. Alitaka afungue tanuri peke yake, lakini Timareta alikwisha bomoa mlango wa udongo, akaingiza mikono, akalitoa bakuli kwenye mwanga, na pale Evandros akaona kwamba kila kinyago, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, kilikuwa uso wa Menekles, wenye masikio ya punda, na matundu ya macho yalikuwa yamelowa.

"Baba?" Timareta alisema kwa sauti ndogo.

Kinyago kimoja kikafumbua mdomo, kikakohoa. "Evandros alinichora," kikasema, kwa uchovu, bila hasira.

"Najua, baba. Bakuli ni lake. Na kile kikombe?"

Evandros alitamani ardhi immeze.

"Evandros alinichora."

Timareta hakupiga kelele. Aliliweka bakuli chini taratibu, akajifuta majivu, akamnyooshea mumewe kiganja.

"Haya," alisema. "Nishike mkono twende."