Ni Wangu, Mmesikia?

Nilikuwa natoka kununua tofu ya kukaanga, vile vipande vya soya ambavyo watu husema mbweha huvipenda, jua linazama nyuma ya milima ya Izumo. Muuzaji, mzee Tokuji, mtu asiye na adabu hata chembe, akanichokoza kama kawaida yake.

"Dada Hisano, hizi ni za watoto au za mbweha?"

"Za mbweha. Wakimaliza hizi wanakuja kwako."

Watu wakacheka. Kijijini kwetu wanasema ukoo wetu unafuga pepo wa mbweha chini ya sakafu, na kwamba tunawatuma kwa majirani. Uongo mtupu! Ndiyo maana binti yangu Yasu nilimtafutia mchumba ng'ambo ya mto, kwa watu wasiotujua.

Nilipofika kwa jirani yangu Shige, harufu ikanisimamisha. Moshi wa majani mabichi ya msonobari... na pilipili.

Ndani, mtoto anakohoa.

Sikupiga hodi. Mganga alikuwa amemkandamiza Kinu, bintiye Shige, uso juu ya jiko linalofuka moshi. Shige mwenyewe kamshika miguu, machozi yanamtoka.

"Taja nyumba uliyotoka," mganga alikuwa akinong'ona. "Taja, nikuachie."

"Mnamuua mtoto!"

"Naumiza mbweha, siyo mtoto. Hatoki mpaka anayemfuga ajulikane."

Midomo ya Kinu ilikuwa imegeuka rangi.

"Hisano..." Shige akaninong'oneza. "Nakuomba. Mwite mbweha wako."

Nikamfikiria Yasu. Nikikubali, nani atamuoa? Hata wajukuu wangu watanyooshewa vidole. Nikaitazama ile midomo tena, hasira ikanipanda. Liwalo na liwe!

Nikalipiga jiko teke, makaa yakatawanyika.

"Haya, ni wangu! Mmesikia? Wangu! Wewe, toka humo, twende nyumbani!"

Nilisema hivyo ili wamwachie mtoto tu. Naapa.

Kinu akavuta pumzi ndefu. Akaomba maji.

Kisha mlango wa karatasi ukasogea... wenyewe. Upana wa kiganja tu.

Mganga akarudi nyuma mpaka ukutani. "Lisemwalo lipo," akanong'ona. "Kama halipo..."

"Laja," nikammalizia. "Na likija kwako, sitaliita lirudi."

Njiani nikasikia nyayo ndogo kwenye changarawe nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Harufu ya manyoya yaliyolowa, na mvua hakuna.

Niliogopa, sikatai. Lakini neno hilo la mbweha nimelikimbia tangu utoto wangu, nikachoka. Sikugeuka.

Yasu alifungua mlango, taa mkononi, macho mekundu. Habari za kijijini zina mbio, zilikuwa zimeshafika.

"Mama, wamesema uchumba wangu..."

Hakumaliza. Alikuwa anatazama nyuma yangu, chini, karibu na miguu yangu. Akaishusha taa, aone vizuri.

"Mama... huyo ni nani?"

"Wetu," nikasema. "Mpishe aingie."