Choo Kisicho na Mlango

Siwema yuko darasa la pili. Shule yao iko juu ya kilima, na upepo wa huko hauna adabu.

Choo cha shule kina kuta. Kina paa. Mlango hakina.

Mlango ulikuwepo, mchwa wakaula. Walianza chini, wakapanda, wakapanda, mpaka ukabaki msumari mmoja.

Basi Siwema akienda chooni, rafiki yake Mwajabu humshikia kanga mlangoni.

"Umeshika?"
"Nimeshika!"
"Usichungulie!"
"Sichungulii!"

Upepo nao, fwaaa! Kanga inaruka juu. Wavulana wanacheka. Siwema anatoka mbio, na hata hajamaliza.

Siku moja Mwajabu aliumwa, hakuja shule. Siwema alijibana asubuhi. Akajibana mchana. Hakucheza rede. Hakunywa hata maji.

Jioni alimwambia mama yake, "Mama, shule sitaki tena."
"Kwa nini?"
"Tumbo linauma kwa kujibana."

Mama yake akaweka mwiko chini. "Kesho kuna mkutano wa wazazi. Nitasema."

Mkutano ulikuwa pale pale shuleni, uwanjani. Mbele paliwekwa meza nene ya mninga. Juu ya meza, birika la chai na vikombe. Nyuma ya meza, Bibi Sikitu, mwenyekiti wa kijiji.

Mama Siwema akasimama. "Choo cha watoto wetu hakina mlango!"
"Kweli kabisa!" watu wakasema. "Ni aibu!"

"Tumelisikia," akasema Bibi Sikitu. "Tutalijadili." Akanywa chai, furup!

Baba mmoja akasema mlango uwe wa bati. Mwingine akasema bati lina kelele, uwe wa mbao.
"Tumelisikia. Tutalijadili." Furup!

Wa tatu akauliza utapakwa rangi gani.
"Buluu!"
"Buluu ya nini? Kijani!"
"Tumelisikia. Tutalijadili." Furup!

Chai ikaisha. Mlango bado haukuonekana.

Bibi Sikitu akaanza kutikisa mguu. Akatikisa na wa pili. Akanyanyuka polepole, akaenda nyuma ya madarasa, kulipo choo.

Huko akamkuta Siwema, aliyekuja na mama yake.

"Shikamoo, Bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Mlango wenyewe ulikuwa wapi?"
"Hapo hapo ulipo msumari, Bibi."
"Sasa mnafanyaje?"

Siwema akakunjua kanga ya mama yake.

"Umeshika?" akauliza Bibi Sikitu kutoka ndani.
"Nimeshika!"
"Usichungulie!"
"Sichungulii!"

Upepo nao, fwaaa!

"Shika, mjukuu wangu! Shika!"

Siwema akafumba macho. Akashika kwa mikono miwili. Akashika na kwa meno.

Bibi Sikitu akarudi mkutanoni, akaketi.

"Mwenyekiti, tulikuwa kwenye rangi," akasema baba wa bati. "Mimi naona tuipeleke mkutano ujao."

Siwema alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bibi, na mkutano ujao nani atakushikia kanga?"

Mama Siwema akaziba uso.

Halafu Bibi Sikitu akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akapiga meza, pu!

"Ondoeni vikombe!"
"Vikombe, Mwenyekiti?"
"Vikombe. Na birika. Naitaka meza hii."
"Sasa tutajadilia wapi?"
"Tutajadili tumesimama. Tutamaliza mapema."

Fundi Kasembe akaleta msumeno. Krii-kraa, krii-kraa! Miguu ya meza ikakatwa.

Bawaba hazikuwepo. Mama Siwema akakata vipande vya tairi kuukuu, vikakaa vizuri tu.

Wazazi wakanyanyua mlango. Siwema naye akatia bega.

"Mmeshika?" akaita fundi.
"Tumeshika!"

Ko! Ko! Ko!

Jua lilipokuwa linazama, mlango ulikuwa umesimama, na komeo lake kwa ndani. Watu wazima wakapanga foleni, kila mmoja anaufungua na kuufunga.

"Mlango wetu huo," akasema baba wa bati, kifua mbele. Rangi hakuikumbuka tena.

Bibi Sikitu akamshika Siwema mkono. "Huyu ndiye aliyetuondoa vitini," akawaambia watu.

Siwema alilala usingizi mmoja mpaka asubuhi.

Asubuhi akanywa uji, kikombe kizima. Akanywa na maji.

Shuleni akaingia chooni. Akafunga mlango. Akasukuma komeo, klak!

Upepo ukaja, fwaaa! Mlango haukutikisika.

Siwema hakuwa na haraka. Alijiona mwenye nyumba.

Nje, ngo ngo ngo! "Hodi!" Alikuwa Mwajabu, amepona.

Siwema akavuta pumzi. Akajibu kwa sauti kubwa, mpaka madarasani wakasikia:

"Kuna mtu!"