Aliyeulizwa ni Citlali

Kila asubuhi Don Fulgencio aligombana na redio. Marekani ikitajwa tu, alipiga meza. Mwanawe Ramiro alikuwa Chicago mwaka wa sita sasa. Hakuwa na kibali cha kuishi huko; akija nyumbani, hataweza kurudi tena kazini. Mzee alitamani dunia imsikie, japo mara moja.

Siku moja hodi ikapigwa. Alikuwa dada mmoja, Yesenia, na kishikwambi mkononi.

"Tunakusanya maoni katika nchi nyingi," alisema. "Tunauliza watu wanazionaje nchi nyingine."

"Umefika penyewe!" Don Fulgencio akavuta kiti. "Keti, mwanangu. Nina maneno mpaka jioni."

"Kwanza, mzee, kati ya watu wazima wa hapa, siku ya kuzaliwa ya nani iko karibu zaidi?"

Ilikuwa ya Citlali, mke wa Ramiro. Alikuwa jikoni akichoma chapati za mahindi.

"Basi andika yangu ni kesho!" mzee akadakia.

Yesenia akacheka. "Tukiwauliza wanaokimbilia mlangoni tu, tutapata maoni ya wenye sauti kubwa. Nyumba tumeipata kwa bahati nasibu, na mtu vilevile. Jibu lake linabeba sauti za maelfu tusioweza kuwafikia."

"Lakini huyu hajui siasa!"

"Huu si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Hata 'sijui' ni jibu. Na jina lake halitatajwa. Ila tupishe kidogo, mzee, asije akajibu huku anakutazama usoni."

Don Fulgencio akatoka uani. Hakutulia. Alimwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa. Akafagia palipofagiwa. Akasogea dirishani, akakohoa. Citlali akafunga dirisha. Mzee alikasirika, lakini zaidi aliogopa. Itakuwaje akiisifu nchi iliyommeza Ramiro?

Yesenia alipoondoka, wakaketi kula. Mzee hakuwahi kumuuliza mkwewe maoni, ila kama chumvi imekolea.

"Si lazima uniambie," alisema. "Lakini... umejibuje?"

"Aliniuliza kama naiona Marekani vizuri au vibaya. Nikasema sijui. Inatulisha, baba, na imeninyima mume. Sasa hapo nijibu nini?"

Don Fulgencio alikuwa na jibu lake tangu asubuhi. Lakini sasa aliona haya. Miaka yote sita alimlilia mwanawe kwa sauti, wala hakuwahi kumuuliza mke wa mwanawe kitu.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Nakusikiliza."

Citlali alikuwa na mengi. Maharagwe yakapoa, na mzee hakumkatiza.